Farmington si mji wa mwaka 1810 peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niiongezee, na mahali pengine niirekebishe, makala mliyoichapa juu ya chimbuko la jumuiya za kimisheni za Marekani. Mwandishi wenu aliutaja mji mdogo wa Farmington, katika jimbo la Connecticut, kwa sentensi moja tu: kwamba tarehe 5 Septemba 1810 Bodi ya Marekani ya Misheni za Nje ilifanya kikao chake cha kwanza huko, nyumbani kwa mchungaji wa kanisa la Kikongregesheni. Kisha akaondoka haraka kuwafuata vijana waliopanda merikebu kwenda India mwaka 1812. Tarehe ni sahihi na mahali ni sahihi. Linalonisumbua ni kwamba mchungaji yule yule, katika kanisa lile lile, miaka 31 baadaye aliwapokea Waafrika waliotoka kizuizini, wakakaa mjini humo tangu Machi hadi Novemba 1841, na habari yao haikupata hata nusu mstari. Anayeisoma makala ile atadhani kazi ya Farmington ilikuwa kutuma tu, na kazi ya Afrika kupokea. Historia ya kanisa lile, ukiifuata kwa utaratibu, inaonyesha kwamba Waafrika waliingia kwa mlango wao wenyewe na kwamba kuingia kwao kuliibadili misheni yenyewe.

Niseme kwanza kwa nini jambo hili limenigusa kiasi cha kushika kalamu. Kwa miaka mingi nimekuwa katibu wa usharika, na nimeandika kumbukumbu za vikao vya wazee tangu nilipokuwa na macho ya kuandika bila miwani. Najua daftari la kanisa linavyojazwa. Mwenye kura huingia, mtoa sadaka kubwa huingia, mchungaji aliyewekewa mikono huingia pamoja na tarehe yake, lakini mgeni aliyekaa benchi la nyuma miezi minane akaondoka huweza kupita asiachwe hata jina. Ndiyo maana, nisomapo historia ya kanisa lolote, hutafuta kwanza wale ambao daftari halikulazimika kuwaandika.

Mji wa Farmington ulianzishwa mwaka 1640 na watu waliotoka Hartford, wakavuka vilima kuelekea magharibi hadi kwenye bonde la mto lenye rutuba, ambako Watunxis, wenyeji wa nchi ile, walikuwa na mashamba yao ya mahindi. Kanisa liliundwa rasmi mwezi wa Oktoba 1652, na namna lilivyoundwa inafaa kuelezwa, kwa kuwa wengi wetu tuliozoea maaskofu na sinodi hatuwezi kuikisia. Hakuna aliyetumwa kutoka juu kuja kulizindua. Wanaume saba walisimama mbele ya wenzao, wakaungama imani yao, kisha wakafungamana kwa agano mbele za Mungu, na kwa agano hilo, bila muhuri wa mtu mwingine yeyote, kanisa likawa kanisa. Watu wa huko waliwaita nguzo saba, kwa mfano wa nyumba ya Hekima katika kitabu cha Mithali. Mmoja wa saba hao, Roger Newton, ndiye aliyekuwa mchungaji wa kwanza. Alikuwa mkwe wa Thomas Hooker, mchungaji aliyeongoza kuanzishwa kwa Hartford, na aliyemfuata Newton katika mimbari ile ni Samuel Hooker, mtoto wa Thomas Hooker mwenyewe.

Hicho ndicho kiini cha Ukongregesheni: ushirika mmoja unaokutana mahali pamoja unatosha kuwa kanisa kamili, unamchagua mchungaji wake kwa kura, unampokea mshirika na kumtenga, na makanisa ya jirani yana haki ya kushauri tu. Makanisa ya New England yalikuwa yameandika kanuni hizo huko Cambridge, Massachusetts, mwaka 1648. Yale ya Connecticut yalikuja kuzikaza kidogo huko Saybrook mwaka 1708, wakayapa mabaraza ya wachungaji wa wilaya nguvu zaidi, lakini mzizi ulibaki kwenye mkutano wa washirika.

Tusiupambe utaratibu huo kuliko ulivyokuwa. Wanawake, ambao katika makanisa mengi ya namna ile walikuwa wengi kuliko wanaume, hawakupiga kura. Katika nyumba za mikutano za New England nafasi za kukaa ziligawanywa na kamati kwa kufuata umri, mali na heshima ya mtu, na watu weusi na Wahindi Wekundu walipelekwa roshani au pembeni. Na kanisa hilo lililojivunia uhuru wake liliishi kwa kodi: mpaka katiba ya Connecticut ya mwaka 1818 ilipotenganisha kanisa na serikali, sheria ilimtaka mkazi achangie kanisa la Kikongregesheni la mji wake isipokuwa ameonyesha hati kwamba ni wa dhehebu jingine. Lyman Beecher, mchungaji wa Litchfield katika jimbo hilo hilo, aliona siku ile kama msiba, na baadaye akakiri kwamba lilikuwa jambo jema kuliko yote yaliyowahi kulipata jimbo la Connecticut, kwa kuwa liliwalazimu watu wasimame kwa miguu yao.

Watunxis nao wana ukurasa wao. Baadhi yao walibatizwa, watoto wao wakafundishwa kusoma, na katika miaka ya 1770 Joseph Johnson, Mhindi Mwekundu aliyesoma, wa kabila la Wamohegan, alikuwa mwalimu wao hapo Farmington. Lakini ardhi ilizidi kupungua chini ya miguu yao. Wakristo wa makabila ya pwani ile, Watunxis wakiwemo, walishauriana na Johnson na Samson Occom, mhubiri wa Kimohegan, wakaamua kuhamia nchi ya Waoneida katika New York, mahali walipopaita Brothertown. Walianza kuondoka mwaka 1775, vita vya uhuru vikawakatiza, wakaendelea vilipokwisha. Kwa hiyo jengo jeupe la kanisa la Farmington, lenye mnara mrefu, linalosifiwa leo, lililojengwa mwaka 1771 na fundi wa mji, Judah Woodruff, na kutambuliwa mwaka 1975 kuwa kumbukumbu ya taifa la Marekani, lilisimama miaka michache tu kabla wenyeji wa kwanza wa bonde lile hawajaanza kufunga mizigo. Wageni wanaokwenda kulitazama wanastahili kuambiwa mambo hayo mawili kwa pumzi moja.

Niingize hapa habari ya mtu ambaye hakuwa wa Farmington lakini alizaliwa jirani, West Hartford, mwaka 1753. Lemuel Haynes alikuwa mtoto wa mwanamume Mwafrika na mwanamke mzungu, na wote wawili hawakumlea. Alikua akiwa mtumishi wa mkataba katika nyumba ya shemasi mmoja huko Granville, Massachusetts, akajisomea usiku, akapigana katika vita vya uhuru, na mwaka 1785 Wakongregesheni wa Connecticut wakamwekea mikono, akawa mtu mweusi wa kwanza kuwekwa wakfu na dhehebu kubwa la Kiprotestanti katika Marekani. Kanisa la Rutland, Vermont, ambalo karibu washirika wake wote walikuwa wazungu, lilimwita mwaka 1788, akawa mchungaji wao kwa miaka 30. Mwaka 1818 ukatokea ugomvi, akaondoka. Utaratibu wa kura ndio uliomfungulia mlango mtu ambaye askofu wa wakati ule asingethubutu kumpeleka mahali kama pale, na utaratibu huo huo ndio uliomwacha bila kinga siku upepo ulipogeuka. Namtaja kwa sababu mwandishi wenu aliandika kana kwamba kabla ya misheni Ukongregesheni ulikuwa habari ya wazungu watupu.

Sasa nirudi Farmington na kwa Noah Porter, mchungaji aliyetajwa katika makala bila jina. Alizaliwa mjini humo mwaka 1781, akawekwa kuwa mchungaji wa kanisa la nyumbani kwao mwaka 1806, na akabaki hapo mpaka kifo chake mwaka 1866. Miaka 60 katika mimbari moja! Mwanawe aliyeitwa jina lake akawa rais wa Chuo cha Yale, na binti yake Sarah alianzisha mwaka 1843 shule ya wasichana ambayo ipo hadi leo. Bodi ya Misheni ilipokutana sebuleni kwake mwaka 1810 alikuwa na miaka minne tu ya utumishi. Rais wa kwanza wa Bodi, John Treadwell, alikuwa mshirika wa mji ule ule na wakati huo ndiye gavana wa Connecticut. Hivyo ndivyo dini na serikali zilivyokuwa zikikaa meza moja.

Watu wale walikuwa na nia ya kweli, na sipendi kuwadharau. Lakini Bodi yao ilipokua ikawa na donda ambalo haikutaka kulitibu. Ilipokea sadaka za wenye watumwa wa Kusini, na wapinga utumwa walipoitaka ilaani utumwa waziwazi, ikajibu mwaka baada ya mwaka kwa maneno ya tahadhari, ikiogopa kuwagawa wafadhili wake. Utumwa haukuwa mbali na nyumba zao wenyewe pia. Connecticut ilipitisha mwaka 1784 sheria ya kuuondoa polepole, na kwa sababu ya upole huo haukufutwa kabisa mpaka mwaka 1848.

Hapo ndipo wanapoingia Wamende, watu wa kabila la Afrika Magharibi, ndio wale Waafrika niliowataja mwanzoni. Mwanzoni mwa mwaka 1839 mamia ya watu waliokamatwa katika nchi ambayo leo ni Sierra Leone walipakiwa Lomboko kwenye meli ya watumwa, wakapelekwa Havana kinyume cha mikataba iliyokuwa imekwisha kupiga marufuku biashara hiyo. Wahispania wawili walinunua 53 kati yao, wanaume 49 na watoto wanne, wasichana watatu na mvulana mmoja, wakawapandisha kwenye merikebu ya milingoti miwili iliyoitwa Amistad. Mapema mwezi wa Julai, usiku, Sengbe Pieh, kiongozi wao, na wenzake walijifungua minyororo, wakamuua nahodha na mpishi, wakawaamuru wale wanunuzi wawili warudishe chombo mashariki, kwenye jua linakochomoza. Mchana chombo kilielekea mashariki kama walivyoamriwa. Usiku wale wawili walikipindua kuelekea kaskazini na magharibi, na baada ya majuma kadhaa ya kiu na vifo kikakamatwa mwishoni mwa Agosti karibu na kisiwa cha Long Island, kikavutwa hadi New London, Connecticut. Waafrika wakatiwa gerezani New Haven kwa mashtaka ya mauaji na uharamia.

Kuna jambo moja la gerezani ambalo kila nikilisoma hunisimamisha. Hakuna aliyejua lugha yao, kwa hiyo hawakuweza kujitetea. Josiah Gibbs, mwalimu wa lugha huko Yale, aliwaendea akainua kidole kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, mpaka wakamwelewa wakamwambia majina ya hesabu hadi kumi. Akayakariri, akaenda kwenye gati za New York, akawa anatembea kati ya mabaharia weusi akihesabu kwa sauti, mpaka kijana mmoja, James Covey, baharia wa manowari ya Kiingereza ambaye naye alikuwa amewahi kukamatwa utumwani, akageuka kwa kusikia lugha ya mama yake. Katika Kimende, tatu huitwa "sawa", na nne huitwa "naani". Msomaji wa Kiswahili akiyatamka maneno hayo mawili atahisi, ingawa maana ni nyingine kabisa, jinsi yalivyokuwa karibu na ulimi wetu yale ambayo yule mwalimu aliyabeba mdomoni kutoka gati hadi gati. Covey alipofika gerezani na kusema neno la kwanza, wafungwa walipata kwa mara ya kwanza mtu wa kuwasemea.

Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ikatetewa na Roger Sherman Baldwin na rais mstaafu John Quincy Adams. Tarehe 9 Machi 1841 Jaji Joseph Story akasoma hukumu: watu hawa hawakuwa mali ya mtu, walitekwa nyara, na wako huru. Lakini Mahakama haikuiagiza serikali iwarudishe kwao. Walikuwa watu huru wasio na nauli, katika nchi ambayo rangi yao iliwaweka hatarini kila barabara. Kamati iliyowatetea, chini ya Lewis Tappan, mfanyabiashara wa New York, pamoja na wachungaji Simeon Jocelyn na Joshua Leavitt, ikatafuta mahali pa kuwahifadhi wakati fedha zikichangwa. Farmington ilikuwa na watu walioonekana imara: Austin Williams, Samuel Deming, John Norton. Wote watatu walikuwa wapinga utumwa wanaojulikana.

Waliofika Farmington mwezi huo wa Machi hawakutimia hata 40, kwa maana wengine walikwisha kufa baharini na gerezani. Wanaume walijengewa bweni katika kiwanja cha Williams, wasichana watatu, Margru, Teme na Kagne, wakawekwa katika nyumba za familia, na wote wakapewa shamba la kulima ili wachangie chakula chao. Darasa lao lilikuwa chumba cha juu katika duka la Deming. Tafadhali, Mhariri, wasomaji wako wakione chumba hicho. Chini, duka linauza kama kawaida. Juu, wanaume wazima waliokwisha kuongoza uasi baharini wameinama juu ya herufi pamoja na Kale, yule mvulana, ambaye Januari ya mwaka ule alikuwa amemwandikia Adams barua kwa Kiingereza cha kujifunzia gerezani, akimweleza kwamba Wamende wana akili na nafsi kama watu wengine na kwamba wanataka kurudi kwao. Mwalimu wao, Sherman Booth, alikuwa mwanafunzi wa Yale. Miaka 13 baadaye Booth huyo huyo, akiwa mhariri wa gazeti huko Wisconsin, aliongoza umati uliomtoa gerezani Joshua Glover, mtumwa aliyetoroka, akashtakiwa kwa ajili hiyo, na kesi yake ikafika mahakama ile ile iliyowaachia wanafunzi wake.

Jumapili Wamende walikwenda kanisani kwa Noah Porter. Si kila mshirika aliyefurahi. Suala la utumwa lilikuwa limekwisha kuwagawa watu wa kanisa hilo, na mjini walikuwako waliowasumbua wageni waziwazi barabarani. Wengine waliwapenda kweli, wakawaalika nyumbani, wakaanza kuwaita kwa majina yao. Nadhani jambo zito zaidi lilikuwa kuonana tu. Kanisa lililokuwa limezoea kwa miaka 30 kuwaombea mataifa ya mbali kama watu wasio na uso sasa lilikuwa na mataifa hayo kwenye mabenchi yake, wakiwa na maswali na huzuni zao, na hoja yao moja isiyobadilika, kwamba wanataka kwenda nyumbani.

Foone hakufika nyumbani. Mwezi wa Agosti 1841 alizama katika bwawa la mfereji wa Farmington. Alikuwa mwogeleaji hodari, na wenzake walieleza kwamba siku zile alikuwa na majonzi, akimtaja mama yake na kusema kwamba atamwona. Alizikwa katika makaburi ya mji, juu ya mto, na jiwe lake lipo. Nimeandika vifo vingi katika madaftari, na kila kimoja kina safu ya sababu ya kifo. Sijui safu hiyo ingejazwaje kwa mtu aliyekwisha kutangazwa huru na mahakama kubwa kuliko zote za nchi na bado asiweze kwenda kwa mama yake.

Kifo hicho kiliharakisha safari. Wamende wenyewe walizunguka makanisani na kumbini wakisoma Maandiko, wakiimba kwa Kiingereza na Kimende, huku Sengbe akisimulia kwa lugha yake habari ya Amistad, na viingilio na sadaka vikawa nauli. Mwishoni mwa Novemba, baada ya kuagwa Farmington, 35 waliosalia walipanda meli Gentleman pale New York pamoja na wamishenari watano, wawili kati yao watu weusi, mume na mke, wakafika Freetown katikati ya Januari 1842. Baadhi waliivua misheni siku chache baada ya kukanyaga nchi yao, wakaenda kutafuta wake na watoto, na sioni la kuwalaumu. Wengine walibaki na William Raymond alipoanzisha kituo cha Kaw-Mende. Margru, aliyebatizwa Sarah, alirudi Marekani mwaka 1846 kusoma Oberlin, Ohio, mji mwingine wa Wakongregesheni ambao chuo chake kilipokea wanafunzi weusi tangu mwaka 1835, kisha akarejea Sierra Leone kuwa mwalimu.

Na hapa ndipo makala yenu ilipopoteza njia. Safari ya Wamende ilihitaji chombo cha kuisimamia, na wapinga utumwa hawakutaka kuikabidhi kwa Bodi ya mwaka 1810, kwa sababu ya zile fedha za wenye watumwa. Mwaka 1841, mjini Hartford, watu weusi chini ya mchungaji James Pennington, Mkongregesheni wa kanisa la Talcott Street ambaye mwenyewe alitoroka utumwa wa Maryland, waliunda jumuiya yao ya misheni kwa ajili ya Wamende. Mwaka 1846 jumuiya hiyo, ile kamati ya Tappan na vyama vingine viwili vidogo viliungana kuwa Jumuiya ya Misheni ya Marekani, iliyokataa tangu mwanzo kupokea senti ya mwenye watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, jumuiya hiyo ndiyo iliyopeleka walimu Kusini kwa watu walioachwa huru, na kwa mkono wake vikaanzishwa vyuo vya Fisk mwaka 1866, Talladega mwaka 1867, Hampton mwaka 1868 na Tougaloo mwaka 1869. Mtu anayetaka kujua vyuo vikongwe vya Wamarekani weusi vilitoka wapi lazima apite kwenye chumba kile juu ya duka la Deming. Wamende hawakupokea misheni iliyokwisha kuwa tayari. Kesi yao, nauli yao na madai yao ndiyo yaliyoizaa misheni mpya, yenye dhamiri safi kuliko ile ya kwanza.

Sisemi kwamba tawi la mwaka 1810 halikuzaa. Bodi ilifika kwa Wazulu mwaka 1835, na kituo kimoja cha wamishenari wake, Groutville katika Natal, Afrika Kusini, kilipata desturi ya wakazi kumchagua chifu wao kwa kura, ambayo ni nadra kwa machifu wa nchi ile. Mwaka 1936 Albert Luthuli, mwalimu na mhubiri asiye na daraja wa kanisa la Kikongregesheni la hapo, akashika uchifu kwa njia hiyo. Serikali ya kikaburu ilipomvua mwaka 1952 kwa kukataa kujitoa katika chama cha ANC, alisema kwamba chifu kwanza ni mtumishi wa watu wake. Alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1960, na alipokufa mwaka 1967 alizikwa kwenye uwanja wa kanisa lake dogo. Nani angedhani utaratibu wa wale saba wa mwaka 1652 ungekuja kumsimamisha Mzulu mbele ya dola? Lakini hata hapo, aliyeutumia utaratibu huo kwa ukamilifu wake ni Mwafrika, na waliomchagua ni Waafrika.

Ombi langu ni dogo. Nimeambiwa mna nia ya kuichapa tena makala ile katika toleo maalumu. Mkifanya hivyo, baada ya ile sentensi ya tarehe 5 Septemba 1810, wekeni nyingine ya Machi hadi Novemba 1841, na majina ndani yake: Sengbe Pieh, msimwite Cinqué, jina walilomwandikia Wahispania katika hati za uongo, Kale, aliyeandika barua, Margru, Teme na Kagne, na Foone, ambaye kaburi lake liko Farmington hadi leo, dakika chache kwa miguu kutoka mlango wa kanisa.

Wako katika kazi,
Msomaji wenu wa siku nyingi, katibu mstaafu wa usharika